Kufuma blauzi na skafu nyepesi za msimu wa joto kwa uzi wa utepe

Uzi wa utepe ni bapa, si wa mviringo, na ubapa huo ndio unaoufanya ufae wakati wa joto. Vitanzi vyake vinaacha upenyo, hewa inapita, na kitambaa kinaanguka mwilini bila kubana. Ila una tabia mbili zinazoharibu kazi ya wiki nzima ukizipuuza: haunyumbuki, na ni mzito kuliko unavyoonekana. Sweta ya sufu ikivutika hurudi yenyewe. Blauzi ya utepe ikivutika, imevutika. Karibu kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia saizi ya sindano hadi namna ya kuiweka nguo kabatini, unatokana na mambo hayo mawili.

Soma lebo kabla ya kupenda rangi

Upana wa utepe unatofautiana sana, kuanzia milimita 3 hadi 10 na zaidi. Kwa nguo ya mwilini chagua wa milimita 3 hadi 6. Ulio mpana zaidi ya hapo unapendeza kwenye skafu, mkanda au mfuko, lakini kwenye blauzi unaleta uzito mwingi mabegani.

Angalia pia umetengenezwaje. Kuna utepe uliofumwa na mashine kama mrija mwembamba kisha ukalazwa. Huu ni laini na unapita vizuri kwenye sindano, lakini ukiukata mwisho wake unaanza kufumuka. Kuna uliosukwa kama kitambaa chembamba, wenye kingo mbili zilizokazwa. Huu unachambuka nyuzinyuzi mahali ulipokatwa, na ncha kali ya sindano hunasa humo kila mara. Vuta kidogo sentimita 20 za utepe mkononi. Ukirefuka halafu usirudi, ujue nguo nayo itafanya hivyo hivyo.

Malighafi ndiyo inayoamua utakavyoitunza nguo. Pamba na kitani hunyonya jasho na huwa imara zaidi zikilowa. Viskosi, yaani uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na mimea, pamoja na ile inayotokana na mianzi, ina mng'ao na ubaridi mzuri kwenye ngozi, lakini ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na kwenye baadhi ya nyuzi upungufu huo hukaribia nusu. Hariri ni nyepesi na inapendeza, ila nayo hudhoofika kidogo majini. Nailoni na poliesta ni imara na hukauka haraka, lakini hazinyonyi jasho, na pasi ya moto inaziharibu mara moja. Kwa siku za joto kali, utepe wenye pamba au viskosi nyingi na nailoni kidogo ya kuupa uimara ni chaguo la kuaminika.

Nunua kwa mita, si kwa gramu. Mabonge mawili ya gramu 50 yanaweza kutofautiana sana kwa urefu, kwa kuwa utepe wa pamba ni mzito kuliko wa nailoni wenye upana ule ule. Hakikisha mabonge yote yana namba moja ya mkupuo wa rangi kwenye lebo, yaani yalitiwa rangi pamoja. Namba zikitofautiana, fuma kwa mabonge mawili kwa kupokezana, mistari miwili kwa kila moja, ili tofauti isionekane kama mpaka katikati ya kifua.

Sindano, na jinsi uzi unavyotoka kwenye bonge

Utepe unateleza. Sindano za chuma zilizong'arishwa zinauachia upesi mno, na vitanzi vitano vinaweza kudondoka kabla hujaiweka kazi mezani. Tumia za mbao au mianzi, zenye ncha butu kiasi. Ncha ikiwa kali sana inatoboa utepe badala ya kuingia ndani ya kitanzi, na hapo utakuwa na kitanzi kilichopasuka ambacho kitaonekana hata baada ya kufua.

Kwa utepe wa milimita 5 anza na sindano ya milimita 5.5, kwa wa milimita 8, anza na ya milimita 8. Lebo nyingi hutaja sindano kubwa zaidi ya inayofaa nguo ya mwilini. Kitambaa kilicholegea kinavutia kikiwa mezani, kisha kinashuka hadi mapajani kikivaliwa. Kwa skafu fuata lebo. Kwa blauzi shuka nusu saizi au saizi nzima.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukivuta utepe kutoka katikati ya bonge, au kutoka juu ya bonge lililosimama, kila mzunguko unaingiza msokoto mmoja kwenye uzi. Baada ya mistari michache utepe umejikunja kama kamba, kitambaa kinaanza kwenda upogo, na mng'ao umepotea. Utepe utoke kwa bonge kuviringika, kama karatasi ya chooni inavyotoka kwenye roli: pitisha kijiti katikati ya bonge, kilaze juu ya kisanduku, na uvute kutoka pembeni. Ikiwa uzi ulikuja kama mzunguko mkubwa usiokuwa bonge, uviringe kwanza kwenye kipande cha kadibodi. Utepe wa viskosi unateleza hadi bonge linaporomoka lenyewe, kwa hiyo liweke ndani ya mfuko mdogo wa neti au soksi nyembamba.

Hata ukifanya yote hayo, utepe utajipinda hapa na pale. Usihangaike kulaza kila kitanzi. Ukiulazimisha ukae bapa kwenye mstari mmoja na kuuacha ujikunje kwenye unaofuata, kitambaa kitaonekana na mabaka. Acha mkono ufanye kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Unapoona msokoto umezidi, geuza bonge upande wa pili mara chache na uendelee.

Kipande cha majaribio kinaning'inizwa

Kwenye sufu, watu hufuma kipande cha majaribio, wakakipima mezani na kuanza kazi. Kwenye utepe, kipimo hicho cha mezani kitakudanganya. Nguo ya gramu 220 inavuta mabega yake yenyewe siku nzima, vitanzi vinarefuka kwenda chini na wakati huo huo vinabana upande wa upana. Blauzi iliyopimwa mezani huishia kuwa ndefu na nyembamba, na mtu anadhani alikosea hesabu.

Anzisha vitanzi 26 na ufume mistari 36 kwa mfumo utakaotumia. Funga vitanzi. Osha kipande kama utakavyoosha nguo, kitandaze kikauke. Weka alama kwa uzi wa rangi tofauti kwenye vitanzi 16 na mistari 22 ya katikati, upime na kuandika. Kisha bana ukingo wote wa juu kwenye kiango kwa vibanio vinne au vitano, na chini uning'inize uzito wa gramu 30 hivi uliogawanywa: vibanio vichache na funguo moja mbili vinatosha. Kiache kuanzia leo hadi kesho wakati kama huu. Pima tena kikiwa bado kinaning'inia.

Tuseme mezani sentimita 10 za urefu zilikuwa na mistari 22, na baada ya kuning'inia zina mistari 20. Maana yake kitambaa kimerefuka kwa asilimia 10. Vipimo hivi vya pili ndivyo vya kupigia hesabu zote, za upana na za urefu. Na tangu hapo hesabu mistari, usiamini rula: blauzi itakayokaa sentimita 55 mwilini itasoma sentimita 50 tu ikiwa mezani, na ukiongeza mistari kwa hofu utapata gauni.

Kama urefu umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 15, shuka saizi moja ya sindano na urudie.

Blauzi isiyo na mikono

Maelezo haya ni ya kifua cha sentimita 95, utepe wa milimita 5, na kipimo cha vitanzi 16 na mistari 20 kwa sentimita 10 baada ya kuning'inizwa. Nunua mita 450. Umbo ni mistatili miwili, na hilo ni la makusudi: mapunguzo ya kwapa na mikunjo mingi havikai vizuri kwenye utepe, ilhali kitambaa kinachoanguka wima kinaonekana nadhifu chenyewe.

Upana wa kila kipande unapatikana hivi: ongeza sentimita 10 kwenye kifua, gawanya kwa mbili, zidisha kwa vitanzi vya sentimita moja, ongeza vitanzi viwili vya kushonea. Hapa ni 105, nusu yake 52.5, mara 1.6 ni 84, jumla vitanzi 86. Badilisha namba kwa mwili wako na kipimo chako.

Hapa chini, kitanzi cha kawaida ni kile ambacho uzi unakaa nyuma ya kazi na sindano inaingia kwa mbele. Cha kinyume ni kile ambacho uzi unakaa mbele.

1. Kwa sindano ndogo kwa saizi moja kuliko ya kipimo (uliyofumia kipande cha majaribio), anzisha vitanzi 86 kwa kufuma kila kitanzi kipya kutoka kwenye kilichotangulia. Njia ya kuacha mkia mrefu haifai, kwa kuwa mkia wote unajisokota kabla hujafika kitanzi cha thelathini.

2. Fuma mistari 6, yote vitanzi vya kawaida. Hili ndilo pindo. Usifanye pindo la mfereji, yaani kitanzi kimoja cha kawaida na kimoja cha kinyume kwa kupokezana; hilo hubana kwa sababu sufu hunyumbuka, na utepe haunyumbuki. Kwenye utepe litatanuka na kubaki hivyo.

3. Hamia sindano ya kipimo. Mistari yenye namba witiri fuma kawaida, yenye namba shufwa fuma kinyume. Kila baada ya mistari 10 pitisha uzi wa cherehani wenye rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uuache hapo. Kitanzi kikidondoka, utepe unafumuka kwa kasi hadi chini. Uzi huu unauzuia, na ukihitaji kufumua unajua vitanzi vyote vitakusubiri kwenye mstari huo.

4. Mwishoni mwa mstari wa 70 funga alama ya uzi kwenye kingo zote mbili. Hapo ndipo kwapa linapoanzia.

5. Mgongo: endelea bila kubadilisha chochote hadi mstari wa 106. Kwenye mstari wa 107 fuma vitanzi 24, funga 38 vya katikati, fuma 24 vya mwisho. Malizia kila bega peke yake hadi mstari wa 110, kisha vihifadhi vitanzi kwenye pini.

6. Mbele: fuma hadi mstari wa 92. Kwenye mstari wa 93 fuma vitanzi 32, funga 22 vya katikati, fuma 32 vilivyobaki. Shughulikia bega moja moja: kwenye kila mstari witiri, kuanzia wa 95 hadi wa 109, punguza kitanzi kimoja upande wa shingo, jumla mara 8. Vitabaki 24. Punguza kwa kufuma vitanzi viwili pamoja, ukiacha kitanzi kimoja cha pembeni bila kuguswa, la sivyo ukingo wa shingo utakuwa na matundu na mikunjo. Maliza mstari wa 110.

7. Weka mbele na mgongo pamoja, pande nzuri zikitazamana, uvifunge vitanzi vya bega kwa sindano ya tatu: fuma kitanzi kimoja cha mbele pamoja na kimoja cha mgongo, kisha kinachofuata, halafu pitisha cha kwanza juu ya cha pili. Mshono huu ni mgumu, na ugumu ndio unaotakiwa begani.

Bado bega linahitaji msaada. Kata kipande cha utepe wa kushonea usiovutika, wa pamba, urefu wa sentimita 15, kisha ukishone kwa mkono upande wa ndani juu ya mshono wa kila bega. Bila hicho, bega la sentimita 15 hutanuka taratibu na shingo hufuata. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosema utepe haufai nguo. Kwa shingo yenyewe, zungusha mstari mmoja wa kulabu ya kroshia, kitanzi kimoja kwa kila kitanzi kilichofungwa na viwili kwa kila mistari mitatu ya pembeni. Kwapa fanya vivyo hivyo.

Kushona ubavuni usitumie utepe wenyewe. Unanasa na kuacha uvimbe. Tumia uzi mwembamba wa pamba wa rangi inayofanana. Laza vipande kando kwa kando, pande nzuri zikiwa juu, ushike ngazi moja ya uzi kati ya kitanzi cha pembeni na cha pili, ukibadilishana kushoto na kulia. Vuta kiasi tu cha kukutanisha kingo. Simama kwenye alama ya mstari wa 70.

Skafu ya vitanzi virefu

Hii ndiyo kazi ya kuanzia kwa asiyewahi kushika utepe, kwa sababu urefu ukiongezeka hakuna kilichoharibika. Utepe wa milimita 8, sindano ya milimita 8, mita 130 hivi, vitanzi 20. Skafu itakuwa na upana wa sentimita 16 au 17.

Fuma mistari 4 ya kawaida. Mstari wa 5: kila kitanzi kifume kawaida, lakini zungusha uzi kwenye sindano mara mbili badala ya moja. Mstari wa 6: fuma mzungusho wa kwanza wa kila kitanzi na uache wa pili udondoke. Ukimaliza mstari huo, shika kazi chini ya sindano na uivute kwenda chini kwa mkono mzima. Vitanzi virefu vitasimama sawasawa na utepe utajilaza. Rudia mistari hii 6 hadi skafu ifike sentimita 150, kisha malizia kwa mistari 4 ya kawaida na kufunga.

Unapofunga, legeza mkono, kwani ukingo uliokazwa unakunja ncha ya skafu. Kujua kama uzi utatosha, fuma rudio moja, lifumue, upime utepe uliotumika. Gawanya mita zilizobaki kwa kiasi hicho na utajua yamebaki marudio mangapi, jambo linalofaa zaidi kuliko kukadiria bonge kwa macho.

Miisho na maungio

Fundo kwenye utepe halikai. Linateleza, na likikaa, linatokeza upande mzuri. Bonge likiisha, anza jipya pembeni mwa kazi, si katikati. Utepe wa gharama ukitaka kuutumia wote, laza mwisho wa zamani juu ya mwanzo mpya kwa sentimita 3 na uushone kwa uzi wa cherehani, mishono midogo, kisha endelea kufuma kana kwamba ni utepe mmoja.

Miisho iliyobaki iwe na urefu wa sentimita 12 angalau. Ipitishe kwa sindano ya jicho kubwa kwenye mshono wa ubavu, kwenda sentimita 5 na kurudi 3, halafu ukazie kwa mishono mitatu minne ya uzi wa cherehani. Bila mishono hiyo mwisho utatoka siku ya pili ya kuvaa. Utepe wa nailoni au poliesta tupu unaweza kuzibwa kwa kuusogeza karibu na moto wa kiberiti kwa sekunde moja, ukiwa mbali na kazi yenyewe. Usifanye hivyo kwa pamba, viskosi au mchanganyiko wake, kwa kuwa hivyo huwaka.

Mkanda, mfuko, kofia

Mkanda wa kiuno na kamba ya mfuko fuma kwa urefu wake: anzisha vitanzi 150 au zaidi, fuma mistari 5 ya kawaida, funga kwa kukaza kidogo. Ukingo wa mwanzo na wa mwisho unazuia urefu usiongezeke. Ukifuma kamba kwa vitanzi 6 na mamia ya mistari, mfuko utagusa magoti ukitiwa chupa moja ya maji. Mfuko wenyewe utiwe bitana ya kitambaa iliyo fupi kidogo kuliko mfuko, ili bitana ndiyo ibebe uzito. Kofia ya utepe haibani kichwa. Pitisha lastiki nyembamba ndani ya pindo.

Kufua

Maji ya baridi, sabuni kidogo, mkono mwepesi. Kwanza lowesha kona moja na uikandamize kwenye kitambaa cheupe kuona kama rangi inatoka. Usikamue kwa kusokota. Unapoitoa nguo majini, ibebe yote kwa viganja viwili kutoka chini. Nguo ya viskosi ikiinuliwa kwa mabega ikiwa imelowa, uzito wa maji unakutana na uzi uliodhoofika, na bega linaharibika hapo hapo. Ilaze juu ya taulo, viringisha, kandamiza maji yatoke, kisha itandaze kivulini kwa vipimo vyake. Sukuma kwa mikono urefu urudi na upana ufunguke wakati bado ina unyevu.

Pamba na viskosi hukubali mvuke wa pasi juu ya kitambaa chembamba, pasi isilale. Nailoni na poliesta ziache zikauke tu. Joto huzifanya zilegee kabisa, na hakuna kufua kutakakozirudisha. Kiango si mahali pa nguo ya utepe hata ikiwa kavu. Ikunje, uiweke juu ya rundo, si chini, kwa sababu utepe ukikandamizwa muda mrefu unashika alama za mikunjo.